Wageni wa historia ya vikosi vya anga, anzeni na ndege ya mafuta

Wadogo zangu, mnapoanza kusoma historia ya skwadroni (kikosi cha ndege) ya kujaza ndege nyingine mafuta angani, msikimbilie picha za ndege. Shikeni kwanza namba. Mimi niliteleza papo hapo: nilipokutana na "43" ya Jeshi la Anga la Marekani, nikadhani ni kikosi kimoja. Kumbe kulikuwa na Kundi la 43 la ndege za mabomu, na Skwadroni ya 43 ya kujaza mafuta, iliyoundwa 1948 pamoja na ile ya 509. Hizo mbili ndizo zilikuwa za kwanza za aina yake katika jeshi hilo. Daftari langu la miezi miwili nililifuta lote.

Pili, jifunzeni kazi yenyewe ilivyofanyika. KB-29M, ndege ya mafuta ya enzi hizo, ilitumia mbinu ya Waingereza. Ndege mbili zilinasishana kamba hewani, mpira wa mafuta ukavutwa hadi kwenye ndege inayopokea, kisha ndege ya mafuta ikapanda juu kidogo ili mafuta yashuke yenyewe, kama mnavyohamisha mafuta ya taa kutoka dumu lililo juu ya meza. Usipoelewa hilo, hutaelewa kwa nini wingu au upepo mbaya uliwatia hofu.

Tarehe nazo zihakikini kwa vidole. Lucky Lady II, ndege ya mabomu aina ya B-50, iliruka kutoka kambi ya Carswell, Texas, tarehe 26 Februari 1949, ikaizunguka dunia bila kutua, ikarudi tarehe 2 Machi. Saa 94 na dakika 1, yaani karibu siku nne. Februari ile ilikuwa na siku 28, kwa hiyo hesabu inakubali. Ukikuta mtu ameandika siku tano, muulize alihesabuje.

Ila hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamtaja rubani, Kapteni James Gallagher, na wanasimama hapo. Ndege ile ilijazwa mafuta mara nne: karibu na visiwa vya Azores, Saudi Arabia, Ufilipino na Hawaii, na waliojaza ni Skwadroni ya 43. Baada ya kujaza kule Ufilipino, KB-29M moja ilianguka ikirejea kambini, katika hali mbaya ya hewa. Wote 9 waliokuwamo walikufa. Katika kurasa nyingi za sifa za safari hiyo, hawamo.