Filamu Bubu Ikienda Mbio, Mwigizaji Hana Kosa

SWALI: Nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu wa sanaa za maonyesho filamu bubu ya Marekani ya mwaka 1919, Broken Blossoms, lakini katika nakala yangu waigizaji wanatembea kama wanaofukuzwa. Fundi mmoja wa kompyuta ameahidi kuongeza fremu (picha mojamoja zinazounda filamu), kulainisha picha na kuitia rangi kwa akili mnemba. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, Mwalimu. Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara limebeba dhana ileile inayonichosha, kwamba waigizaji wa zamani walikuwa na papara na kamera zao zilikuwa duni, hivyo filamu yahitaji tiba. Kilichokosewa ni mwendo wa kuionyesha tu. Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, kila mzunguko wa mpini ukipitisha fremu 8, hivyo mizunguko miwili kwa sekunde ilitoa fremu 16. Filamu zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo ulifungwa kwenye fremu 24 kwa sekunde, na dakika moja iliyopigwa kwa fremu 16 ikionyeshwa kwa 24 huisha kwa sekunde 40.

Mtazame Lillian Gish, anayeigiza Lucy, binti anayepigwa na baba yake bondia, nafasi ya Donald Crisp. Anapoamriwa kutabasamu, huinua pembe za midomo kwa vidole viwili huku macho yakibaki na hofu ileile. Kwa mwendo wake halali tukio hilo linaumiza. Likikimbizwa, wanafunzi wako watacheka. Richard Barthelmess naye (Mzungu aliyepewa nafasi ya Mchina, jambo ambalo darasa lako linastahili kuelezwa) amejenga uigizaji wake juu ya utulivu, akijiegemeza ukutani huku amejikumbatia. Kwa hiyo shusha mwendo wa video hadi kati ya 0.67 na 0.75 ya ule wa sasa, kisha rekebisha kwa jicho ukiwaangalia wapita njia, kwa sababu mkono wa mpigapicha haukuwa saa.

Fundi anayeongeza fremu anabuni picha ambazo kamera haikupiga. Gish anapozunguka kabatini kwa hofu, baba akivunja mlango kwa shoka, programu hukisia kilicho kati ya fremu mbili, na vidole vinaweza kuyeyukia shavuni. Rangi nazo ni kubahatisha, maana mikanda mingi ya filamu ya wakati ule haikuhisi nyekundu, kwa hiyo mdomo mwekundu ulitoka mweusi na anga la buluu likatoka jeupe. Kompyuta itajuaje gauni la Lucy lilikuwa la rangi gani?

Hasara hii haiishii kwenye filamu za Marekani. Mteja mmoja aliniletea video ya arusi ya babu yake, iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 8 na ikapitishwa kwa fundi wa aina hiyo. Nyuso zilikuwa laini kama nta, na shangazi zake hawakuweza kumtambua bibi arusi. Nilipoomba mkanda wenyewe ili nianze upya, aliniambia kwamba fundi alimshauri autupe, kwa kuwa video mpya ilikuwa bora zaidi, naye akautupa.