Mleta mada, ziondoe hizo picha kabla hujamtumia mtu yeyote

Mleta mada, hicho kitabu cha picha ulichotuwekea hapa usimtumie mtayarishaji yeyote kabla ya kuondoa kila fremu uliyoikata kutoka kwenye filamu za watu, pamoja na ile ya ukurasa wa kwanza unayojivunia. Umeuliza kwa nini filamu za bunilizi ya kisayansi zenye bajeti kubwa zinaonekana kama tulishaziona zote, kisha katika aya inayofuata ukatueleza kwamba unaandaa filamu yako kuhusu wachimba madini wa Mwezini na kwamba umeshakusanya fremu za kutosha kutoka kwenye filamu hizo hizo ili kila mtu katika timu auone mwelekeo. Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe katika aya ya pili. Inaniuma kwa sababu kitabu cha namna hiyo niliwahi kukitengeneza, tena kilipendeza kuliko chako.

Aliyenifundisha kukitengeneza ni bwana mmoja aliyekuwa akiuza kozi mtandaoni kwa jina la mshauri wa skripti, ambaye baadaye nilikuja kugundua kwamba hakuna hata skripti yake moja iliyowahi kupigwa picha. Mafundisho yake yote yalikuwa haya: mwekezaji hanunui asichokijua, kwa hiyo taja filamu mbili zilizouza, sema yako ni mtoto wao, kisha mwonyeshe picha za wazazi. Nililipa ada kwa ajili ya maneno hayo. Ningempa mshenga kazi hiyo angeifanya kwa bei nafuu, na angalau karamu ingekuwapo.

Filamu yangu ilikuwa fupi, na ilimhusu fundi wa pampu za hewa katika kituo kilichochimbwa chini ya ardhi ya Mirihi, mahali ambapo hewa hugawiwa kwa mgao. Nilipompa mpambaji wa mandhari kile kitabu, hakusoma skripti, na simlaumu, kwa maana picha zilikuwa zimeshamwambia la kufanya. Alijenga korido ndefu yenye kuta za pembe sita, taa za buluu zilizofichwa sakafuni na milango inayojifungua kwa mlio wa hewa inayotoroka. Sehemu kubwa ya akiba yangu iliishia ndani ya korido ile. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwa wa kwanza kutouliza, kituo maskini kinachohesabu pumzi za watu wake kimepata wapi umeme wa kupamba sakafu, wala kwa nini kila mlango unapofunguka unapoteza hewa ambayo hadithi nzima inasema ni haba. Skripti ilikuwa inasema jambo moja na ukuta unasema jingine, na mtazamaji siku zote humwamini ukuta.

Kibaya zaidi kilikuwa kioo. Katika tukio muhimu kuliko yote, fundi wangu anagundua kwamba shinikizo la hewa linashuka, na kwa sababu nilikuwa na fremu nzuri ya mtu anayesukuma maandishi yanayong'aa hewani kwa viganja viwili, na yeye nikamsimamisha mbele ya kioo kinachopitisha mwanga akapunga mikono. Kitu hicho kilikuwa na asili yenye maana. Mwongozaji Steven Spielberg alipokuwa akiiandaa filamu ya Minority Report, iliyotoka mwaka 2002, aliwakutanisha wataalamu wafikirie mambo yatakavyokuwa miongo kadhaa mbele, na ile lugha ya mikono ilitokana na kazi halisi ya John Underkoffler, mtafiti aliyetoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Pale palikuwa na mpelelezi anayepekua picha nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mikono ilikuwa na kazi. Fundi wangu alikuwa anasoma namba moja tu. Geji ya mviringo yenye mshale ingetosha, na mshale unaotetemeka kuelekea kwenye alama nyekundu ungetisha kuliko maandishi yote yale ya buluu, ambayo kwa vyovyote hakuna aliyeweza kuyasoma kwa sababu yalikuwa yamegeuka upande wa mwigizaji.

Muziki ulifuata njia hiyo hiyo. Wakati wa kuhariri, mhariri aliweka muziki wa filamu maarufu kama muziki wa muda ili apate mwendo wa kukatia picha, nasi tukausikiliza hadi masikio yakakataa kingine chochote. Mtunzi alipofika akaambiwa atunge kama huu lakini usiwe huu. Wakubwa nao huanguka hapo: mwaka 1968 mwongozaji Stanley Kubrick aliuacha muziki ambao mtunzi Alex North alikuwa ameutunga kwa ajili ya filamu yake ya anga, 2001: A Space Odyssey, na kubaki na muziki uliokuwapo tayari aliokuwa ameuzoea katika uhariri. Tofauti ni kwamba Kubrick alikuwa amechukua muziki ambao haukutungwa kwa ajili ya filamu yoyote ya anga. Sisi tuliuchukua kwenye filamu ya anga tukauweka kwenye filamu ya anga, kisha tukamwomba mtu aunakili bila kutushitakisha.

Siku ya kuionyesha kwa mara ya kwanza nilikaa mbele ya kijana mmoja ambaye, bila ubaya wowote, alikuwa akimnong'oneza mwenzake jina la filamu ambayo kila tukio lilitoka. Alipatia yote, likiwamo moja ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau nimelitoa wapi. Nilitoka kabla ya taa kuwashwa, nikajifanya napokea simu. Kwa kujitetea niseme tu kwamba korido iliigiza vizuri kuliko sote, pengine kwa sababu ilishacheza katika filamu nyingi kabla ya yangu.

Sasa zidisha kosa hilo kwa dola milioni 200 na utakuwa umepata jibu ulilolitafuta. Fedha za namna hiyo hazirudi katika soko moja. Kumbi za sinema hubaki na takriban nusu ya mauzo ya tiketi, na gharama za kuitangaza filamu duniani huja juu ya zile za kuitengeneza, kwa hiyo wenye fedha wanataka kuona mapema kitu kinachofanana na kilichokwisha kuuza. Tarehe ya kutoka hupangwa huku skripti ikiwa bado inaandikwa upya, na matukio ya mapigano huchorwa kwa kompyuta kabla wahusika hawajajua wanapigania nini. Wachoraji hao si watu wasio na kipaji. Wamepewa kitabu cha picha kama chako, kikubwa zaidi, na kila picha iliyomo ilitoka kwenye filamu ambayo nayo ilikuwa na kitabu chake.

Wala usijidanganye kwamba hadithi asilia itakuokoa. Mwandishi Edgar Rice Burroughs alianza kuichapisha jaridani mwaka 1912 ile hadithi yake ya Mmarekani anayejikuta Mirihi, na kwa miaka mingi wengine wakachota humo mashujaa, majangwa na viumbe. Filamu yenyewe, John Carter, ilipotoka mwaka 2012, watazamaji wengi waliiona kama mwigo wa filamu zilizokuwa zimechota kwake, na Disney ikatangaza kwamba inatarajia hasara ya takriban dola milioni 200. Kisima kikashitakiwa kwa kuiba maji. Mtazamaji hana haja ya kujua nani alitangulia, anachojua ni kwamba picha hii ameshaiona.

Ndiyo maana nina kanuni moja tu, na nitaisema hadi mniondoe humu: picha isitoke kwenye filamu, itoke kwenye kitu chenyewe. Kama ni shimo jeusi, lile gimba la anga ambalo mvutano wake hauachii hata mwanga, nenda kwenye shimo jeusi. Katika filamu ya Interstellar ya mwaka 2014, ambayo bajeti yake haikuwa ndogo hata kidogo, mwanafizikia Kip Thorne aliwapa watengeneza picha milinganyo ya jinsi mwanga unavyopinda, kompyuta ikaichora, na likatokea duara jeusi ambalo mkanda wake wa mwanga unaonekana kupanda juu na kushuka chini yake kwa wakati mmoja. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu kama hicho katika sinema. Kwa hiyo bajeti peke yake haiui upya, kinachouua ni mahali unapochota.

Wewe umechagua Mwezi, na Mwezi una watu waliokwenda na kurudi na kueleza. Vumbi lake halijawahi kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo chembe zake zina ncha kali, hung'ang'ania kila kitu na hukwangua vitambaa vya mavazi. Wanaanga wa Apollo, zile safari za Marekani za kwenda Mwezini, waliporudi ndani ya chombo na kuvua kofia walisema linanuka kama baruti iliyolipuliwa, na Harrison Schmitt wa Apollo 17 lilimpa mafua ya mzio. Katika safari hiyo hiyo, Desemba 1972, nyundo ya Eugene Cernan ilinasa kwenye bamba linalofunika gurudumu la gari lao, kipande kikavunjika, na gari likawa linawamwagia vumbi kila linapokwenda. Walilitengeneza kwa kugandisha ramani za karatasi kwa utepe wa gundi na kuzibana kwa vibanio vilivyotoka kwenye taa za chombo. Hebu niambie ni picha ipi kati ya hizo zako ina ramani iliyobandikwa kwenye gurudumu. Usiku wa huko nao unadumu takriban wiki mbili za Dunia. Mchimba madini anayeishi humo ana zamu gani, analala lini, na nani anasafisha vichujio?

Uliuliza pia kuhusu urefu wa skripti. Desturi ni kukadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya filamu, ingawa kurasa za mapigano hula muda zaidi. Kuhusu programu ya kuandikia na kulinda haki zako, waliotangulia hapo juu wameshakujibu vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nataka kitu kimoja tu kutoka kwako: rudi utuambie wachimbaji wako wanafanyaje kuhusu vumbi linaloingia kwenye viungo vya mavazi yao, kwa maana katika muhtasari ulioweka wanatoka shimoni baada ya zamu nzima wakiwa weupe na safi, na korido wanayopita, nimeitazama mara mbili kuhakikisha, ina taa za buluu sakafuni.