Usimchukulie kompyuta

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku Magomeni ni wazima, na mguu umetulia tangu nianze zile dawa. Ujumbe wako nimeusoma, na kile kipande cha wimbo wa mjukuu wangu nimekisikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. Umeniuliza jambo moja: kijana aahirishe mwaka wa chuo amalize nyimbo zake, au umkatalie? Ungeishia hapo ningekujibu kwa simu. Lakini ukaongeza mawili. La kwanza, "ni singeli, baba, angalau ingekuwa dansi kama lenu." La pili, kwamba akikaidi utamchukulia kompyuta, kwa sababu wewe ndiye uliyeinunua.

Nianze na dansi, muziki wetu wa bendi. Nani amekwambia dansi letu lilikuwa na heshima? Heshima imekuja juzi, baada ya wapenzi wake kustaafu na kujenga. Babu yako, mzaa mama, alikaa muda mrefu bila kupokea salamu yangu, maana kwake mpiga gitaa ni mhuni hata kama hajawahi kuonja bia. Mwaka 1969, mimi kijana mdogo kabisa, muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam, ikasemwa unaharibu vijana. Leo wazee wenzangu walewale waliocheza bugaluu enzi hizo wanakaa barazani wakisema singeli inaharibu vijana. Kosa lake ni nini, kama si kutoka Manzese na Tandale? Ingezaliwa Masaki mngeiita sanaa na kuikatia tiketi. Usiudhike, mwanangu. Wewe sasa ni mtu wa Mbezi na nafurahi kwa hilo, lakini umekulia uswahilini, na mlio wa vigodoro, zile ngoma za usiku mtaani, hukuusomea kitabuni.

Mnanijua nina neno langu moja, na mama yenu, Mungu amrehemu, alilichoka: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Watu wanakumbuka waimbaji. Mimi nakumbuka namba za shirika zilizopakwa rangi nyuma ya ampilifaya. Vyombo vilitoka nje, fedha za kigeni hazikuwapo, na mshahara wangu wa mwaka mzima usingenunua gitaa la umeme. Kwa hiyo tulipiga vya watu.

Unaikumbuka siku niliyorudi nyumbani mikono mitupu? Ulikuwa darasa la pili, ukaniuliza kama nimeibiwa. Bendi nyingine ilikuwa imenifuata, mshahara mzuri kidogo, nami nikakubali. Wanamuziki tulikuwa tukihamishana hivyo kila siku. Shirika, na unalijua ni lipi, likaniita stoo. Mtunza stoo akafungua leja, akalilaza gitaa mezani, akaanza kuhesabu: mkanda mmoja, waya mmoja, shati la jukwaani, suruali ya jukwaani. Akafika kwenye nyuzi. Tano zilikuwa za dukani. Ule mwembamba kuliko wote ulikatika zamani, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa hazipatikani mjini nilichambua waya wa breki ya baiskeli nikaufunga pale. Akautazama, akaufungua kwa plaizi, akaniwekea mkononi. "Huu si wetu," akasema. Akaandika: gitaa la solo moja, nyuzi tano, chakavu. Bei ya uzi wa sita ikakatwa kwenye mshahara wangu wa mwisho.

Hiyo hela nimeshaisamehe. Gitaa sijalisamehe. Ndilo nililopigia ule utangulizi mnaoujua, ule mama yenu aliokuwa akiuimba kwa mdomo huku akikuna nazi. Tuliurekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, bendi nzima kwa pamoja, mmoja akikosea wote tunaanza upya. Na siku ile, tulipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, vidole vilikwenda mahali ambapo sikuwa nimevifundisha, mpiga besi akaniangalia, akanifuata hukohuko. Furaha ile sijaipata tena kwenye muziki. Baadaye nikapita ofisini kwao kufuata barua, nikaliona juu ya kabati la mafaili. Halina uzi hata mmoja, vumbi limelijaa. Wangempa kijana mwingine alipige ningeridhika. Hawakumpa mtu. Lilikaa pale kwa kuwa ni mali yao.

Utaniambia, baba, bila shirika ungelishika wapi gitaa la umeme, wewe mtoto wa kuli wa bandarini? Ni kweli, na hapo huwa nanyamaza. Matajiri wa mji hawakunipa gitaa, shirika lilinipa. Mshahara ulikuja kila mwezi, tulitibiwa, na ada zenu zilitoka mlemle. Kijana wa leo anaishi kwa shoo moja hadi nyingine, akiugua anachangiwa mitandaoni. Sisemi tulionewa tu. Lakini mashirika yalipoyumba miaka ya 1990, vyombo vilikwenda nayo, na watu waliopiga miaka yote ile wakabaki hawana hata maikrofoni ya kuanzia. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi.

Ndiyo maana singeli inanishangaza. Mtoto amejifungia chumbani na kompyuta, ngoma anayo, besi anayo, kinanda anacho, hajamwomba meneja ruhusa wala ufunguo wa stoo. Nina malalamiko yangu. Muziki wao unakimbia mno, hakuna anayemsubiri mwenzake, na kijana asiyewahi kumngoja mpiga besi amekosa kitu ambacho sijui atakipata wapi. Hilo nitamwambia uso kwa uso. Lakini ana vyombo, mwanangu! Mimi nimezeeka bila kuvipata.

Na wewe unataka kuvichukua.

Habari ya chuo muamue wewe na baba yake. Nina la kusema, na nikiandika hapa limenifika kwenye kalamu zaidi ya mara moja, lakini ada mnalipa nyinyi, na uhasibu ni kazi isiyomwacha mtu na njaa. Nilitaka kuandika "ila", nimeifuta. Ukinibana kwenye simu nitalisema, kwa hiyo usinibane.

La kompyuta silimezi. Usiichukue, hata akikukosea adabu, hata akifeli. Mpe kwa maneno ya wazi, mbele ya mdogo wake, ijulikane ni yake. Halafu mkae chini mwulize hayo mengine yanayonitia wasiwasi kuliko chuo: ile studio anayokwenda Manzese kuingiza sauti, nyimbo zinabaki kwenye kompyuta ya nani? Akaunti ya YouTube ina jina la nani, na neno la siri analo nani? Ameweka saini popote? Kama ameweka, niletee hiyo karatasi kabla hajarekodi wimbo mwingine. Kama hakuna karatasi, basi iandikwe, na asajili nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema.

Jumamosi nakuja na daladala ya asubuhi. Asitoke. Kile kinanda cha taarabu alichokikimbiza, mara ya pili kinaingia kabla ya ngoma kumaliza mzunguko, na mara ya nne kinafanya vilevile. Nataka kujua kama amekusudia.

Baba yako