Boksi si mraba: majibu kwa wanaofundisha maumbo madarasa ya chini

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wazazi na walimu wa watoto wa miaka sita, saba hivi. Naanza na swali lililojirudia kuliko mengine.

Mwalimu, binti yangu akiona boksi husema "mraba", akiona mpira husema "duara". Nimsahihishe au nimwache?

Msahihishe, ila si kwa mdomo. Ukimwambia "huo ni mchemraba" atakariri neno refu na kubaki palepale. Tafuta boksi ambalo nyuso zake zote ni miraba, liweke juu ya karatasi, alizungushie penseli. Akiliinua, kilichobaki kwenye karatasi ndicho mraba. Mwulize: hiki unaweza kukishika? Unaweza kutia kitu ndani yake? Hapo mwenyewe ataanza kutenganisha kitu na alama yake.

Kisha aligeuze boksi achore uso wa pili, wa tatu, mpaka zote sita. Kila uso uliokwisha kuchorwa ubandikwe kipande cha karatasi, maana mtoto wa umri huo akifika wa nne hesabu imeshampotea. Vipeo, yaani kona zake, ni 8, na atavimaliza kwa kidole. Kingo, pale nyuso mbili zinapokutana, ni 12. Hizo ziache siku nyingine, zinachosha.

Kwa mpira, tumia rangi ya maji. Chovya kitako cha kopo, gandamiza: duara limetokea. Paka mpira rangi, uguse karatasi taratibu: unaacha doa dogo tu. Tufe, yaani umbo la mpira, halina uso bapa hata mmoja, na doa lile litamweleza hivyo vizuri kuliko mimi na wewe.

Kitabu chetu kinaanza na maumbo bapa. Ni lazima?

Mimi huanza na ya kushika mkononi. Hata Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa kwanza mpira, mcheduara (umbo la kopo) na mchemraba. Vibao bapa vilifuata baadaye sana. Mcheduara aliuweka katikati kwa makusudi: ukiulaza unabingirika kama mpira, ukiusimamisha unatulia kama mchemraba. Na majina yasikutishe. Umbo liitwalo pia, lenye kitako cha duara na ncha moja, limechukua jina la ile pia ya kuchezea inayozunguka kwa ncha, na tufe hurushwa kila siku kwenye riadha.

Nikiugeuza mraba ukasimama kwa kona, darasa zima linasema si mraba tena. Nifanyeje?

Kata mraba wa karatasi ngumu, uweke mezani, uzungushe polepole mbele yao. Waambie wapige makofi pale unapoacha kuwa mraba. Utazunguka mzima na makofi hayatakubaliana, na ubishi huo ndio unaoutaka. Mwishoni mmoja apime pande kwa uzi: zote sawa, zilezile za mwanzo.

Mtoto hulitambua umbo kama anavyotambua sura ya mtu, kwa mwonekano wake wote. Waholanzi wawili, Dina na Pierre van Hiele, waliieleza hatua hii mwaka 1957. Kuzitazama pande na pembe huja baadaye. Lakini lawama nyingine ni yetu. Tazama michoro ya ukutani: kila pembetatu imekaa kitako, pande zote sawa, ncha juu. Chora nyembamba kama mwiba. Chora iliyolala. Chora yenye ncha chini.

Mwanangu kauliza kama pembetatu ina pembe kama za ng'ombe.

Ana masikio mazuri huyo, neno ni lilelile. Mpe pembetatu ya karatasi ngumu aguse kona kwa kidole. Zinachoma tatu, na jina limezihesabu.

Mraba ni mstatili au si mstatili? Tumebishana ofisini.

Ni mstatili. Mstatili ni pembenne ambayo pembe zake zote nne ni pembemraba, na mraba umetimiza hilo, ukaongeza pande zote kuwa sawa. Darasa la kwanza sitawabana nalo. Ningewapa kila mmoja karatasi mbili, moja ya mraba na moja ya mstatili mrefu, wazikunje kona kwa kona. Mraba nusu zake zinalaliana. Mstatili mrefu zinakataa, ingawa ukizikata na kuzizungusha utaona zinalingana kabisa. Watoto hukunja mara tatu tatu wakidhani wamekosea.

Mcheduara una kingo ngapi? Kitabu kimoja kinasema 2, kingine 0.

Anayesema 2 anahesabu kila mahali nyuso zinapokutana, hata pakiwa pamepinda. Anayesema 0 anataka mstari ulionyooka. Kwa mtoto wa miaka saba ningelifuta swali, nimwulize mcheduara unabingirika au unasimama.

Nimekata miraba sita iliyoungana kwenye mstari mmoja nikunje boksi. Halifungi!

Minne ya kwanza imekuwa kuta, kisha wa tano na wa sita ikarudi kuzipanda kuta zilezile. Kitako hakuna, kifuniko hakuna. Kata hiyo miwili ya mwisho, bandika mmoja huku na mwingine kule, kila upande wa ule mstari wa minne.

Namna za kuunganisha miraba sita ubavu kwa ubavu ni 35, na zinazokunjika kuwa mchemraba ni 11. Msalaba tunaouzoea ni moja tu. Zilizobaki zitafute na watoto kwa mkasi na karatasi ya mirabamiraba, na kabla hamjahesabu mpya, igeuzeni upande wa pili: mara nyingi ni ileile mliyokwisha kuipata.