Anayepaswa kujibu ni baraza, si mji mzima

Swali la wiki hii linauliza kama wasafiri wanapaswa kuisusia miji ambayo mabaraza yake yametangaza rasmi kwamba yanaunga mkono maadili ya kijadi ya familia. Jibu langu ni kwamba hawapaswi, maadamu tamko lenyewe linabaki kuwa maneno na halimnyimi mtu huduma, kazi wala makazi. Hata pale tamko linapovuka mpaka huo, anayetaka kulipinga awafuate waliolipitisha, asiwaadhibu wote wanaoishi chini yao. Nasema haya nikiwa mtu ninayeithamini sana familia ya baba, mama na watoto, na ninayeamini vilevile kwamba si kazi ya baraza la mji kumpangia binti wa watu atakuwa nani akishakua.

Mfano unaolingana kabisa na swali ni ule wa Kanab, mji mdogo ulio kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani. Mwezi Januari 2006 baraza la mji huo lilipitisha azimio kuhusu familia ya asili, ambalo rasimu yake ilikuwa imeandaliwa na taasisi ya kihafidhina ya masuala ya sera, Sutherland Institute ya Salt Lake City, na kusambazwa kwa mabaraza ya miji ya jimbo hilo. Azimio lilieleza kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke na kwamba imewekwa na Mungu. Liliwatazamia wasichana wakue wawe wake, walezi wa nyumba na akina mama, na wavulana wakue wawe waume, wajenzi wa nyumba na akina baba. Tena likataka nyumba za mji ziwe tayari kupokea watoto wengi. Halikuwa sheria. Halikuweka faini, halikumpa mwenye hoteli ruhusa ya kumkatalia mgeni chumba, wala halikumfungia mtu yeyote biashara. Hata hivyo Arthur Frommer, mwandishi aliyejulikana sana kwa vitabu vyake vya kuwaongoza wasafiri, aliwataka wasomaji wake wasikanyage Kanab.

Naielewa hasira yake. Mjane anayelea watoto peke yake, mume na mke ambao hawakujaliwa mtoto, mwanamke aliyesomea kazi yake kwa miaka mingi na anaipenda, wote hao wakilisoma azimio lile wanakuta picha ya mji ambamo wao hawamo. Baraza linalokusanya kodi kutoka kwa watu wote halikupaswa kuandika hivyo. Lakini kuudhiwa na maneno ya madiwani ni jambo moja, na kuwaambia maelfu ya wasafiri waukwepe mji mzima ni jambo jingine, kwa sababu hilo la pili lina watu watakaolilipia.

Kanab imezungukwa na mbuga ya Zion, mabonde ya Bryce Canyon na ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon. Zamani watengenezaji wa filamu za ng'ombe na bastola waliufanya mji huo kituo chao; sasa sehemu kubwa ya riziki yake hutoka kwa watalii wanaolala pale kabla ya kuingia mbugani. Karibu na mji kuna pia hifadhi ya Best Friends, inayotunza mbwa, paka na wanyama wengine waliotelekezwa, na ambayo ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa eneo hilo. Kwa hiyo wakazi wake si watu wa fikra moja. Azimio lilipotangazwa, wenye maduka na mikahawa kadhaa walibandika kwenye madirisha yao vibandiko vyenye picha za watu wa rangi za upinde wa mvua, pamoja na maneno yanayosema kwamba kila mtu anakaribishwa. Hawa hawakungoja mwandishi wa mbali awasemee. Walipingana na baraza lao mbele ya majirani ambao wangeendelea kukutana nao kila siku, na biashara zao ndizo ambazo mwito wa kususia ungezifikia kwanza.

Hebu tufuatilie pesa ya msafiri mmoja anayefuta safari yake. Chumba alichokuwa amekiweka hakilaliwi. Mfanyakazi anayetandika vitanda, ambaye kwa kawaida hulipwa kwa saa, anaambiwa asije siku hiyo kwa kuwa vyumba vya kusafishwa ni vichache. Mhudumu wa mkahawa anakosa bahashishi ambayo kwa Marekani ni sehemu kubwa ya kipato chake. Mwongozaji wa safari za makorongoni anabaki na kiti kitupu kwenye gari. Diwani aliyeinua mkono kuunga mkono azimio huenda hasara hiyo asiisikie kabisa, au akaisikia baada ya msimu mzima, katika ripoti ambayo haitaji sababu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayesusia anayazuia mapato hayo bila kujua ni mwenyeji yupi aliyekuwa akiyategemea.

Hili limewahi kutokea mahali pakubwa kuliko Kanab. Mwaka 1992 wapigakura wa jimbo la Colorado walipitisha badiliko la katiba yao lililofuta sheria za miji zilizowalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi. Miji iliyokuwa na sheria hizo ni Denver, Boulder na Aspen, na ndiyo hasa iliyolikataa badiliko hilo kwenye kura. Mwito wa kuisusia Colorado ulipotolewa, miongoni mwa waliopoteza mikutano na wageni ilikuwemo miji hiyohiyo, kwa sababu ndiko kwenye kumbi, hoteli na milima ya kuteleza kwenye theluji. Badiliko lenyewe hatimaye lilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1996, katika kesi ambayo miji hiyo mitatu ilikuwa miongoni mwa walalamikaji.

Wapo watakaonikumbusha kuhusu North Carolina, nao wana haki ya kufanya hivyo. Mwezi Machi 2016 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria iliyofuta kanuni ya mji wa Charlotte ya kuzuia ubaguzi, na kuwalazimisha watu waliobadili jinsia watumie vyoo vya majengo ya umma kulingana na jinsia iliyoandikwa kwenye cheti chao cha kuzaliwa. Kampuni ya PayPal iliacha mpango wa kufungua kituo ambacho kingeleta ajira 400 Charlotte, ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikauhamishia New Orleans mchezo wake wa nyota wa mwaka 2017, na chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kikaondoa mashindano yake kadhaa katika jimbo. Mwishoni mwa Machi 2017 sehemu ya vyoo ilifutwa. Shinikizo lilifanya kazi, ingawa kwa gharama ya mji uleule uliokuwa ukijaribu kuwalinda watu hao. Lakini ile ilikuwa sheria yenye kuwabana watu, si tamko; na waliosukuma mambo walikuwa kampuni na vyama vilivyokaa meza moja na wanasiasa, vikataja wanachotaka na tarehe ya mwisho. Msafiri anayebadilisha tiketi yake kimya kimya hana meza hiyo.

Mfano ulionishawishi zaidi unatoka Poland. Kuanzia mwaka 2019 mabaraza ya serikali za mitaa yapatayo 100 yalipitisha matamko ya namna mbili: mengine yalijitangaza kuwa dhidi ya kile yalichokiita itikadi ya LGBT, na mengine yalikubali hati ya haki za familia iliyoandaliwa na taasisi ya wanasheria ya Ordo Iuris. Hati hiyo ilitumia lugha ya upole, lakini ilitaka pia fedha za umma zisiende kwenye miradi inayodhaniwa kudhoofisha ndoa ya mume na mke, na hapo tayari tamko limeacha kuwa maneno matupu. Mji wa Nieuwegein nchini Uholanzi ulivunja udugu wake rasmi wa miji na Puławy, mmoja wa miji hiyo ya Poland. Julai 2020 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilikataa maombi sita ya fedha za udugu wa miji yaliyotoka kwenye miji yenye matamko hayo. Kraśnik, mji wa watu wapatao 35,000, ulijikuta hauna nafasi ya kupata fedha za misaada kutoka Norway, na mwezi Aprili 2021 baraza lake likafuta tamko lake lenyewe. Septemba 2021 Tume ilipoyaonya majimbo matano kwamba fedha za Umoja wa Ulaya zingeweza kusimamishwa, jimbo la Świętokrzyskie lilifuta tamko lake mwezi huohuo na mengine yakafuata. La mwisho, katika wilaya ya Łańcut, lilifutwa Aprili 2025.

Ni kweli kwamba fedha za namna hiyo nazo hujenga barabara na shule za watu wasio na hatia. Tofauti ninayoiona ni kwamba barua ilipelekwa kwa baraza, ilitaja tatizo, na dawa yake ilikuwa mikononi mwa walewale walioisoma. Hakuna mwenye nyumba ya wageni aliyetakiwa kulibeba kosa ambalo hakulitenda na hakuwa na uwezo wa kulifuta.

Jimbo la California lilijaribu njia ya kususia kwa muda mrefu. Kuanzia Januari 2017 sheria yake ilizuia fedha za jimbo kutumika kwa safari za kwenda majimbo yenye sheria za kibaguzi. Orodha hiyo ilikua hadi kupita majimbo 20, watafiti na timu za vyuo wakawa wanatafuta wafadhili wengine ili wasafiri, na majimbo yaliyoorodheshwa hayakuonekana kubadilika. Mwaka 2023 California yenyewe iliifuta sheria hiyo na kuweka badala yake mpango wa matangazo ya kuzungumza na watu wa majimbo hayo.

Yupo msafiri mmoja ambaye hoja zangu hazimhusu. Ni yule ambaye tamko linamlenga yeye mwenyewe, na ambaye ana sababu ya kuhofia jinsi atakavyopokewa akifika mapokezi na mwenzi wake au na mtoto wake. Huyo akikwepa mji anajilinda, na hakuna anayeweza kumtaka aende ili mtandika vitanda apate kazi.

Sisi wengine tuna nafasi ya kuuliza kabla ya kulipa. Tamko limebadilisha nini: kuna kanuni, ruzuku au kibali kinachotolewa kwa masharti yake? Na nyumba ninayotaka kulala inampokea kila mgeni? La kwanza huulizwa ofisi ya mji, la pili mwenye nyumba, na majibu yote mawili yaombwe kwa maandishi. Mwenye nyumba akisema anapokea wote, nitalala kwake, nitakula kwa jirani yake, na nitaliandikia baraza kueleza kwamba nilikuja kwa sababu yake na si kwa sababu ya azimio lao. Akisema kuna wageni asiowapokea, nitatafuta kwingine kwanza katika mji huohuo. Nikikosa kabisa ndipo nitakapoondoka, na hapo pia nitawaandikia madiwani kwa jina langu, nitaje siku nilizokusudia kukaa na sababu ya kutokukaa, wasije wakadhani kwamba msimu tu ndio uliokuwa mbaya.