Kupenda treni ni kimoja, kuiendesha ni kingine

Ndugu, umeuliza kama sisi wapenzi wa treni tungetaka kweli kuziendesha kwa mshahara. Mimi ningetaka, ila si kwa sababu zile za utotoni.

Dereva hana nafasi ya kuitazama treni. Anatazama ishara, mwendo na saa. Treni nzito ya mizigo ikiwa kwenye kasi huweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, kwa hiyo unashika breki kabla hujapaona unapokwenda kusimama. Lazima uijue njia kwa moyo, kila mwinuko, kila kona, kila taa. Hapo ndipo ninapovutwa, maana mpenzi wa reli hujifunza njia bila kulazimishwa.

Ugumu ni zamu: kuamka saa nane usiku, sikukuu uko kazini, saa nyingi peke yako huku kifaa cha tahadhari, kinachohakikisha kuwa uko macho, kikitaka ukijibu, la sivyo treni inajifunga breki yenyewe. Zito zaidi ni mtu kuingia relini mbele yako, nawe huna pa kukwepea. Hilo lifikirie kwanza.

Kapime macho mapema pia. Asiyetofautisha nyekundu na kijani kwa kawaida hapokelewi.