Si kombe la bahari, ni konokono wa ziwani

Ndugu, habari za Kibirizi, huko Kigoma? Umeuliza hilo jiwe la kijivu lenye makombe mawili, moja la mviringo na jingine lenye miiba, kama ni kisukuku cha bahari. Hapana, ingawa hujakosea peke yako. Miiba hiyo iliwahangaisha hata Wazungu: Moore, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, alikuja mwaka 1896 na 1899 akiamini Ziwa Tanganyika lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Nadharia ikafa. Konokono hawa walijitengenezea sura hiyo humu humu ziwani.

Lenye miiba, kwa picha yako, naliona ni la konokono aitwaye kitaalamu Tiphobia horei. Jina la pili ni la Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji. Konokono huyu huishi kwenye tope la kina kirefu na gamba lake ni jepesi, ndiyo maana ncha za miiba yako zimekatika.

La mviringo ni la Neothauma, konokono mwingine wa ziwa hili. Ligeuze utazame mdomo wake: kama ni mpana na umejaa saruji nyeupe, hiyo ni chokaa ya maji ya ziwa iliyoyagandisha makombe pamoja. Kamulia ndimu kwenye hiyo saruji, pembeni. Ikitoa povu, ndiyo yenyewe. (Usikamulie juu ya miiba, ndimu itaila!) Sakafu ya ziwa ina matandiko mazima ya makombe ya Neothauma, na samaki wadogo hutagia ndani yake.

Uliliokota mchangani au lilikuja na wavu? Na tupia picha ya upande wa chini, weka na sarafu kando.